Ugonjwa wa Miti ya Bükk

Miaka arobaini Ambrus aliishi kwa uyoga, wala si wa kula. Ni ule mgumu kama kwato, unaoota kwenye magome ya miti mizee ya bükk, milimani juu ya kijiji cha Korond. Aliukata, akauchuna ganda, akauloweka, kisha akauvuta kwa ngumi juu ya goti, polepole, pande zote, mpaka kipande cha ukubwa wa kiganja kikawa kitambaa cha kutosha kofia nzima. Vidole vyake vilipinda kwa kazi hiyo. Na kila mti aliuachia uyoga mmoja, kama alivyofundishwa na mama yake.

Asubuhi hiyo alipanda na kapu lake akakuta visiki. Miti kumi na minne ilikuwa chini, na uyoga umesagwa na magurudumu ya trekta.

"Nani kawatuma muikate?" alimuuliza Lehel, bwana misitu, aliyekuwa amekaa kwenye kisiki anakunywa chai.

"Ilikuwa na ugonjwa, mzee. Uyoga mtupu. Tunasafisha msitu."

"Mnasafisha. Mama yako alikupa kila kitu, akili akasahau?"

"Usinitukane. Ugonjwa ni ugonjwa, ungeenea."

Ambrus alimsogelea, akamvua kofia ya kahawia kichwani, akamshikia mbele ya pua.

"Hii niliivuta siku tatu, uivae harusini kwako. Ugonjwa wenyewe ndio huu. Umeuvaa miaka sita, mbona hujafa?"