Daktari wa Ng'ombe Aliyetumwa Kumwandaa Bibi Harusi

Daktari wa mifugo aliingia nyumba ya harusi amevaa glavu hadi mabegani, akauliza: "Evelina yuko wapi? Mfungeni kamba, nisije nikapigwa teke."

Evelina ndiye bibi harusi.

Na aliyesababisha ni mimi.

Tulieni.

Mimi ni Hellen, mama Queen, wa Nyakato. Kompyuta nilisomea madarasa ya jioni, mtoto mapajani. Bosi wangu Alexander ana programu ya kupanga miadi: unaandika ujumbe kwenye simu, akili mnemba inakupangia. Tulikuwa na wateja wawili tu, saluni ya maharusi Kirumba na Pius, daktari wa mifugo kule Magu.

Akili hiyo inafanya kazi kwa zana. Moja inapanga saluni, nyingine inapanga daktari. Mimi naandika maelezo ya kila zana, ili ijue ishike ipi.

Ya saluni: "Itumie kwa urembo."

Ya daktari: "Itumie mteja akitaja ng'ombe."

Nikajiona fundi. Nikaenda kunyonyesha.

Sasa mama yake Evelina ni Msukuma wa Magu. Hawezi kutaja harusi bila kuanza na mahari. Akaandika: "Hamjambo wanangu. Ng'ombe wa Evelina wamefika, wote wazima. Jumamosi asubuhi njooni nyumbani mmwandae, tunawahi kanisani."

Akili ikaona ng'ombe. Ikamtumia Pius: "Mhusika: Evelina. Huduma: uchunguzi nyumbani."

Jumamosi simu ikaita.

"We Hellen! Mmeniletea mtu gani? Anauliza mwanangu ana mimba ya miezi mingapi, mbele ya akina mama wa kwaya!"

Nyuma nikamsikia Pius: "Mama, ni swali la kawaida. Halafu huyu Evelina ni wa kienyeji au chotara?"

Paa! Mwiko huo.

Alexander akanigeukia. "Bibi harusi akiingia kanisani na nywele timutimu, mimi na wewe hatujuani."

Nikambeba Queen mgongoni, nikamkwapua Rozina, msusi wa saluni, tukachomoka kwenda Magu.

Tulimkuta Evelina analia, kichwa kimefumuliwa chote. Na upande wa bwana harusi wameshafika kumchukua.

"Dada," Rozina akaninong'oneza, "hiki kichwa kinataka muda. Tumekwisha."

Mara kelele zizini.

Pius alikimbilia huko kuukwepa mwiko, akakuta ng'ombe mmoja wa mahari anahangaika kuzaa. Akamvuta ndama, mzima kabisa.

Hapo ndipo moto ulipowaka.

"Ndama ni wetu!" akasema Ngosha, baba mdogo wa bwana harusi. "Tulileta ng'ombe, ndama hatukumhesabu."

Baba Evelina akacheka kwa dharau. "Ulileta ng'ombe na tumbo lake, au tumbo uliliacha kwenu?"

Wee! Wazee wakavua makoti. Hakuna aliyekumbuka kanisa. Rozina akaanza kusuka kama cherehani.

Kila ubishi ulipopoa, mimi mlangoni nachochea kwa adabu: "Shikamooni wazee. Na maziwa je, ni ya nani?"

Unawaka upya.

Mpaka Rozina aliponigusa bega. "Tayari."

Evelina akatoka. Jamani, alivyong'aa! Wazee wakavaa makoti yao. Ngosha akajifuta jasho: "Basi ndama awe wa maharusi." Vigelegele, tukaenda kanisani.

Kazi sikufukuzwa. Niliandika upya maelezo ya zana ya daktari: "Itumie pale tu mnyama ndiye anayehitaji huduma. Usiitumie ng'ombe wakitajwa kama mahari. Ukiwa na shaka, uliza kwanza kama mhusika ni mtu au mnyama."

Nikalala kwa amani.

Asubuhi mfugaji mmoja, Shimba, akaomba miadi. Akili ikamuuliza vizuri kabisa: mhusika ni mtu au mnyama?

Akajibu: "Ni shemeji yangu. Amua mwenyewe."

Ndugu zangu, ukimpa mgeni kazi, mwambie cha kufanya, cha kutofanya, na lini akuulize. Na hata hapo kaa karibu na simu, maana mgeni hajui kwetu ng'ombe ana kazi ngapi.