Ghala Ndani ya Ghala

Hudson hakwenda Dubai kulinda mlango. Alikwenda kuwa seremala, maana useremala ndio alioujua tangu aweze kushika patasi, na wakala aliyemsafirisha alimwapia kwamba huko mafundi wa mbao wanagombaniwa. Alipofika akapewa sare ya bluu na redio ya mkononi, akapelekwa Jebel Ali kulinda maghala. Hilo peke yake angelimeza. Lililomkaa kooni ni kwamba, ili apate nauli, alikuwa ameuza sanduku la zana la baba yake.

Baba huyo, Mzee Aloysius, alikuwa ameezeka nusu ya makanisa ya kwao Malava kwa zana zile, na randa moja humo aliirithi kwa baba yake mwenyewe. Kiharusi kilipompooza upande wa kulia, Hudson akajiambia kwamba mzee hatazihitaji tena. Mtu mwenye akili zake anawaza vipi hivyo? Lakini aliwaza, akauza, akapanda ndege. Mzee alipojua hakutukana wala hakulaani. Alinyamaza tu. Kwa miaka mitatu Hudson akipiga simu, anayepokea ni dada yake Metrine, na akimwambia, "Mpe Baba," anajibiwa, "Amelala." Saa nne asubuhi, mzee amelala!

Mwaka wa tatu akahamishiwa ghala lililojaa mbao nene, nyeusi, zilizopangwa hadi karibu na dari. Msimamizi wa hapo aliitwa Badar, mzaliwa wa Dubai ambaye wazazi wake walitoka Unguja. Siku ya kwanza alimzungusha huku akicheka.

"Hili ni ghala ndani ya ghala, mwanangu. Hizi mbao zote ukiziunga, unapata ghala la nafaka la Wazungu wa kale. Tajiri kalinunua Uingereza, kalileta vipande vipande, ati atalisimamisha jangwani alifanye mkahawa. Mwaka wa sita huu. Inshallah."

Juu ya rundo la kwanza kulikuwa na mfuko wa nailoni, na ndani yake kijitabu kilichoandikwa na watu wa parokia moja ya mashambani huko Uingereza. Hudson alikisoma zamu nzima. Parokia yenyewe ilikuwa na kanisa la mawe lenye mnara mfupi, handaki la maji lililozunguka nyumba ambayo haipo tena, na malisho yenye vinundu vinundu, ambako ng'ombe hula majani bila kujua kwamba chini ya kwato zao kuna kijiji kilichokufa. Ghala lilisimama kati ya kanisa na bwawa la samaki wa watawa. Lilijengwa kwa miti ya mwaloni iliyokatwa mwaka 1431, kwa ajili ya kuwekea fungu la kumi, kwa kuwa siku hizo zaka haikutolewa kwa bahasha bali kwa miganda ya ngano. Lilikaa karibu miaka mia sita, mpaka paa likaporomoka na wenyewe wakachoka nalo.

Kila ubao ulikuwa na lebo ya plastiki iliyogongomewa kwenye kiungo, yenye namba kubwa. Siku moja lebo mojawapo, iliyokaushwa na joto, ilidondoka yenyewe, na chini yake Hudson akaona mistari minne iliyochanjwa kwa patasi. Mstari wa mwisho ulikuwa na mkia mdogo. Akaketi sakafuni. Baba yake alitia alama kenchi zake za paa vilevile kabisa: mistari kwa kuhesabu, mkia kwa upande wa kushoto. Alipiga picha akamtumia Metrine, bila kuandika neno.

Simu ililia kabla ya saa sita.

"Hiyo ni ya nne, kushoto," ilisema sauti nzito, yenye kujikokota upande mmoja wa mdomo. "Ya tano iko wapi?"

Hudson alilia hapohapo kati ya mbao, na sare yake na kofia yake, na hakuona aibu.

Tangu hapo mapumziko yake ya mchana yakawa ya mzee. Wenzake walikwenda kula na kulala kidogo kwenye kiyoyozi. Yeye alipanda juu ya mbao na simu, na Metrine kule Malava akaishika yake mbele ya uso wa baba. Mzee alisoma alama zile kama mtu anayesoma barua ya rafiki. Hii nguzo, hii boriti, huu mtambaapanya wa kubeba paa, geuza simu nione ulimi wake wa kuungia. Mahali pamoja palikuwa na tundu lililochongwa kimakosa na kuzibwa kwa kipande kilichopachikwa vizuri sana, na mzee akafurahi kuliko siku zote. "Huyo alikosea, akaficha kabla mkubwa wake hajafika. Fundi huyo!"

Siku nyingine Hudson alimsomea kwamba juu ya mlango mafundi waliacha tundu la makusudi, bundi apate kuingia awale panya.

"Bundi?" mzee aliuliza. "Wanamkaribisha? Ndani?"

"Wanamkatia mlango wake, Baba."

Mzee alicheka mpaka akapaliwa, na Metrine akalazimika kumwinua. Hudson alikuwa hajasikia kicheko kile tangu kabla ya sanduku. Mzee alipopata pumzi akasema jambo ambalo mwanawe alilibeba miezi yote iliyofuata: "Hudson, siku jengo hilo likisimama, na mkono wako ukiwa ndani yake, nitumie picha. Hayo mambo ya sanduku yatakuwa yamekwisha."

Kulikuwa na tatizo moja. Lebo ziligongomewa palepale penye alama, na mzee hakuwa mtu wa kukisia. "Toa hicho kidude nione," alikuwa akisema, na Hudson alitoa. Kimoja leo, vitatu kesho. Alivitunza vyote katika katoni ya maji ya kunywa, kwa adabu, akidhani siku moja atavirudisha, ila hakuandika namba ipi ilitoka ubao upi. Badala yake akachora kwenye daftari jengo zima, kila nguzo na alama yake ya zamani. Ilipofika Ramadhani lilikuwa limesimama lote karatasini, na hakukuwa na lebo hata moja iliyobaki mbaoni.

Baada ya Idi, tajiri akakumbuka mkahawa wake. Alituma mhandisi. Badar alikuja mbio kumpa Hudson habari. "Lako hilo! Nitawaambia wewe fundi, wakutie katika kundi la kulisimamisha." Hudson alifua sare yake mara mbili wiki ile.

Mhandisi alifika na michoro chini ya kwapa. Kwenye michoro hiyo kila ubao ulijulikana kwa namba ya lebo. Akaangalia rundo la kwanza, akaangalia la pili, akazunguka nyuma.

"Nani kazing'oa hizi lebo?" Badar aliuliza kwa sauti ndogo, naye uso umemshuka.

"Mimi, sir," Hudson alisema. Alifungua daftari, akaeleza mistari, akaeleza mikia, akaeleza kwamba namba za kweli zimo ndani ya mbao tangu mwaka 1431 na hazitoki kwa joto. Hudson akamwita dereva wa foklifti, wakainua nguzo ya nne ya kushoto na boriti yake, na ulimi ukaingia tunduni pasipo nyundo, ukakaa. Mhandisi akainama kukikagua kiungo. Alisema ni kazi nzuri sana. Kisha akasema hawezi kutia sahihi jengo la kukaa watu kwa maneno ya mlinzi, akaenda nje kupiga simu.

Wiki mbili baadaye Badar alimwita ofisini, akamkalisha, akammiminia chai mwenyewe.

"Mie sina la kusema, mwanangu. Wakubwa wamekata shauri. Mbao kauziwa bwana mmoja anayetengeneza meza za mahoteli. Watu wake wanakuja kesho kuzikata humu humu. Khalas."

Siku ya pili saa nne asubuhi mashine ya kukatia ilikuwa imeshashushwa. Hudson alipiga simu kabla haijawashwa. Ile katoni ya lebo hakuitaja, wala hatakuja kuitaja. Mzee ndiye aliyesema toa, na huo ni mzigo ambao mtoto habebeshi baba. Alisema tu kwamba tajiri ameghairi.

"Wanalikata, Baba. Kwa meza."

Ukimya ulikuwa mrefu, na Hudson aliutambua. Alikuwa ameishi nao miaka mitatu.

"Msumeno wao una makali?" mzee aliuliza mwishowe.

"Sijui."

"Waambie wanoe. Mwaloni wa umri huo ukikatwa na meno butu, unaungua." Akavuta pumzi. "Na usikate."

"Si mimi ninayekata, Baba."

"Simu. Usikate simu."

Hudson alikwenda kuwaambia wale watu wabadilishe meno ya msumeno. Walimshangaa, lakini wakabadilisha. Walianza na iliyokuwa karibu, nguzo ya nne ya kushoto, na msumeno ukapita katikati ya mistari minne na mkia wake. Aliishika simu mbele yake mpaka kipande kikaanguka sakafuni. Alipoirudisha sikioni, kule Malava hapakuwa na mtu anayesema kitu.

Ijumaa alipiga tena, wakati wao wa siku zote. Metrine akapokea.

"Mpe Baba," Hudson alisema.

Nyuma ya dada yake mzee alisikika akikohoa.

"Amelala," Metrine akasema.