Mzee Aliyelikariri Tangazo

Mkoa wetu ulipokuwa bado mchanga na Babati inapimwa viwanja, mzee mmoja wa Singe alifika ofisi ya ardhi na fomu ya kupinga barabara iliyochorwa katikati ya shamba lake.

"Shikamoo mzee. Tangazo pale mlangoni hukuliona?" karani alimuuliza.

"Marahaba. Nalisoma kila nikija sokoni." Akafumba macho, akalisema lote bila kukosea, hadi mstari wa chini: "Mwisho wa kupokea pingamizi ni Ijumaa."

"Ijumaa hiyo imeshapita. Leo Jumatatu, baba," karani alisema taratibu.

Mzee akafumbua macho, kama aliyelisikia kwa mara ya kwanza. Alilisoma mno hadi akaona ameshalishughulikia.

Ningemcheka, lakini nilikuwa nyuma yake kwenye foleni, nimeshika fomu ile ile.