Siku Niliyoomba Kufukuzwa kwa Mwandiko Mzuri

Wengine wanafukuzwa kazi wakilia, mimi niliomba kufukuzwa kwa kalamu yangu mwenyewe, kwa mwandiko mzuri, nikapiga na mstari chini ya neno, halafu nikawavuta wenzangu watano waombe pamoja nami. Cheka tu, nimezoea, maana hapa Uvira hata wenye pikipiki wakinibeba wananiuliza kama leo sijaandika barua.

Mimi ndiye mtunza ufunguo wa stoku kwenye depo moja ya sabuni na mawese huku Kalundu. Miaka minne nilikuwa sijaonja konje hata siku moja (konje ndiyo likizo, kwa ninyi mliozoea Kiswahili cha redioni), na si mimi peke yangu, sote sita. Ukifungua tu mdomo, patron, mwenye depo, anaonyesha lango kwa kidevu: "Bantu iko ku mulango." Na kweli watafuta kazi walikuwapo mlangoni kila asubuhi, madosie ya vyeti kwapani, wamekaa kwenye mawe wanangoja mmoja wetu akosee, basi tunafunga midomo tunarudi kubeba katoni.

Ila mwaka huo mama yangu, aliye Rurambo juu mlimani, akatuma ujumbe kwamba macho yanamwisha, niende anione kabla giza halijafunga kabisa. Jumapili hiyohiyo baada ya misa mtu mmoja aliyesomea mambo ya kazi akatueleza kwamba konje ni haki ya mfanyakazi, si zawadi ya patron, ila iombwe kwa barua. Nikatoka pale nimejaa upepo.

"Weye ulimaliza masomo," akaniambia Riziki, tunayepakia naye katoni. "Andika, siye tutakopia."

Nikaandika, na mpaka hapo hakuna ubaya. Ubaya ulianza nilipofika kwenye neno lenyewe, nikaliangalia, congé, ndiyo konje kwa Kifaransa, kafupi hivyo, herufi tano, nikasema neno dogo namna hii patron atalidharau. Na kwa kuwa "changer" inazaa "changement" na "enseigner" inazaa "enseignement" (hayo niliyashika vizuri shuleni), nami nikalirefusha: congédiement. Nilikuwa nimewahi kulisikia mahali, nikajua lipo. Likajaza mstari, likapendeza. Chini kabisa nikaongeza "kopi kwa inspecteur wa kazi", yaani mkaguzi wa serikali, kwa mapambo tu, maana barua zote za maana zina mwisho kama huo. Wenzangu wakanakili neno kwa neno, Riziki akinisifu kwamba ninaandika kama mtu wa ofisi kubwa.

Kesho yake lori lilikuwa linapakiwa, lango liko wazi, patron akatoka ofisini na barua sita mkononi, anacheka mpaka tumbo linatikisika.

"Mama Furaha, hii iko maneno yako?"

"Iko yangu, patron. Na ya benzangu."

"Muko na hakika?"

"Tuko na hakika. Iko haki yetu!"

"Basi nimekubali! Bote sita! Kuanzia leo!"

Jamani, nilipiga magoti nikamshukuru. Riziki akapiga vigelegele, tukashikana mikono tukacheza pale uani kati ya madumu ya mawese, na kule langoni watu nao wakashangilia, nikadhani wanafurahi pamoja nasi (moyo wangu ukasema, ona watu wema). Kisha wakaanza kuingia. Wenye pikipiki walikuwa wamekwisha kupeleka habari kwamba kuna nafasi sita, na mbele ya kundi nikamwona mama Esta, tunayeimba naye kwaya moja, anakuja na dosie na picha zake nne ndogo, ananipita bila salamu.

"Mama Esta, unaenda wapi?"

"Usinikasirikie, mama. Si mumekatala kazi benyewe?"

Bado nilikuwa sijaelewa, ninachekacheka tu. Aliyenielewesha ni mwalimu Bahati, baba mwembamba aliyekuwa akikaa kwenye jiwe la karibu kabisa na lango tangu shule yake ilipofungwa. Aliokota barua moja iliyomponyoka patron, akaisoma, akanisogelea akasema polepole nisije nikaaibika zaidi (kana kwamba nafasi ilikuwa imebaki): "Mama, congédiement haiko konje. Iko kufukuzwa. Muliomba abafukuze."

Nikakaa juu ya katoni ya sabuni. Nikawaza watoto wangu, nikamwaza mama kule mlimani, na Riziki alikuwa ananiangalia tu, na hilo la Riziki ndilo lililoniuma kuliko yote.

Mwalimu akamgeukia patron. "Patron, aba bantu banaomba konje. Iko kosa ya Kifaransa tu. Minye nilifundisha Kifaransa myaka kumi na mbili."

"Na weye haukukuya hapa kutafuta kazi?"

"Nilikuya kutafuta. Lakini hapana ile ya muntu mwenye anakosea neno." Akainua karatasi, akaweka kidole chini kabisa. "Tena kopi imeenda kwa inspecteur. Atauliza namna gani bantu sita banaomba kufukuzwa siku moja."

Patron akakisoma kile kimstari changu cha mapambo, kicheko kikamwisha, akasema barua zirudiwe. (Kopi yenyewe ilikuwa bado mkobani mwangu, lakini kwa mara ya kwanza siku hiyo nilikuwa na akili ya kunyamaza.)

Tukaandika upya palepale, karatasi juu ya katoni, watu wote wakitazama, mwalimu akitutajia herufi mojamoja na kunishika mkono nilipofika kwenye ile ya tano: "Basi, mama. Simama hapo." Watu wakarudi nje, mama Esta akiwa wa mwisho.

Konje tukapewa, mmojammoja kwa zamu, na zamu yangu ilipofika patron akamweka mwalimu ashike ufunguo wangu. Nikapanda Rurambo. Mama alinishika uso kwa mikono miwili, akaniangalia karibu mpaka pua zikagusana, nikamsimulia mkasa wangu, akacheka mpaka akatoa machozi.

Niliporudi, mwalimu alinikabidhi ufunguo na daftari la stoku lililoandikwa vizuri kuliko ninavyoweza mimi. "Kila kitu iko sawa, mama." Akanawa mikono, akachukua dosie yake, akatoka, akakaa kwenye jiwe lake lilelile.

Nimeapa sitarefusha tena neno la Kifaransa, na kila barua ninaipitisha kwanza langoni mwalimu aisome. Patron naye bado anasema bantu iko ku mulango. Zamani nikisikia hivyo niliwaogopa. Sasa kila asubuhi ninapolipita jiwe la mwalimu na ufunguo mfukoni ni mimi ninayeinamisha macho, na yeye ndiye anayeanza kunisalimu: "Mama Congédiement, umelamuka muzuri?"