Betri za Mama Juu ya Bati

Harufu ya betri kuukuu ikipata jua ni kama ya chuma kilichonyeshewa, ina ukali unaokwaruza koo. Kiangazi kile nyumba yetu ya Singe ilinuka hivyo kutwa. Babati ilikuwa bado Mkoa wa Arusha, Manyara haijazaliwa, na kaka yangu Bura alikuwa amekwenda kukata mkonge Tanga. Aliaga akisema akifika salama atatuma salamu redioni, zile za Jumapili mchana. Mavuno yakapita, kimya. Redio tulikuwa nayo. Betri mpya ndizo hatukuwa nazo. Basi mama akakusanya zilizokufa kwa majirani, akazianika juu ya bati, mimi nikizigeuza.

"Mama Bura, leo unaanika mahindi au betri?" alicheka jirani yetu, Mama Safari.

"Cheka tu, mwenzangu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

Nyingine zikipata joto ziliamka, redio ikakoroma kidogo, ikazima. Nyingine hazikuamka kabisa, na hilo likanisumbua. Nikapasua moja kwa jiwe. Ndani mlikuwa na unga mweusi na kijiti kama mkaa, na lile ganda lake la madini limeliwa mpaka matundu.

"Mama, jua halirudishi kilicholiwa. Tuchague zenye ganda zima."

"Haya, daktari wa betri, chagua!"

Nikazibonyeza moja moja. Laini na zilizovuja nikatupa. Nne nzuri hatukuzigusa mpaka Jumapili. Mtangazaji alisoma majina, sauti ikinywea, mama kabandika sikio kwenye redio. "Bura Gwandu, yuko Tanga, mzima, anawasalimu wazazi wake, Singe, Babati..." Redio ikafa hapo hapo. Mama alipiga kigelegele, Mama Safari akaja mbio akidhani kuna aliyejifungua.

Leo Manyara ni mkoa, na mjukuu wangu Paskalina yuko chuoni anasomea betri zinazochajiwa, za simu na za umeme wa jua. Ananiambia kuchaji ni kukirudisha ndani kile kilichotoka, ila kila mara kidogo hakirudi mahali pake, ndiyo betri inazeeka. "Bibi, tunatafuta inakoanzia kuzeeka, ili idumu." Mimi niliyeishia darasa la nne nilimwelewa upesi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, watapata. Mama alisubiri msimu mzima asikie jina la mwanawe mara moja. Mimi na Paskalina tunaongea mpaka ugali unaungua, na simu bado ina chaji.