Gari Lililosimama

Juzi hapa Mikumi nilikuta gari kubwa la petroli likinguruma nje ya mgahawa, dereva akila nyama ndani. Nilipomkanya alijibu, "Shikamoo mzee. Limesimama tu, halili mafuta." Nilipigwa na butwaa, kwa kuwa utotoni niliamini hivyo hivyo. Mtoto ana udhuru. Mwenye leseni hana.

Alasiri moja ya utoto wangu, katika kijiji chetu cha Ulaya wilayani Kilosa, baba, dereva wa idara ya serikali, aliniacha garini akaingia kikaoni. "Betri ni dhaifu," aliniagiza. "Iache injini iungurume kidogo, kisha zima." Sikuzima. Nilipenda harufu ya petroli na mtetemo wa kiti.

Kikao kilipokwisha tulimpakia shangazi, aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa, tumpeleke hospitali ya Kilosa. Katikati ya njia injini ilikohoa, ikanyamaza. Baba alikagua daftari la safari.

"Kilomita hizi haziwezi kumaliza mafuta yaliyokuwamo."

"Kaka, niteremshe," alisema shangazi. "Huyu hasubiri hesabu zako."

Wanawake waliokuwa wakitoka sokoni walimzalisha nyuma ya kichaka. Mimi nilibaki kitini nikiomba mtoto alie. Alipolia, nilimweleza baba ukweli wote.