Homa ya Mama

Kila nikibanika kambale, king'ora cha moshi hapo darini hupiga kelele kama kinachomwa chenyewe. Napanda kwenye stuli, nakipepea kwa kanga, na nakumbuka king'ora kingine, cha utotoni kijijini.

Kilikuwa kipande cha reli, kimening'inizwa nje ya ofisi ya kijiji. Kikigongwa polepole, wakubwa wanakwenda shamba la ujamaa. Kikigongwa harakaharaka ni moto, na nyumba zetu mpya za nyasi zilikuwa zimepangwa mstari mmoja, zimekaribiana mno.

Siku moja mama hakwenda shamba; alibaki ndani, akasema ana homa. Nilipokuwa natoka kuteka maji, nikaona moshi mzito unapenya kwenye paa letu. Nikatupa ndoo, nikakigonga chuma mpaka viganja vikachubuka.

Kijiji kizima kilikuja mbio na majembe. Mwenyekiti akasukuma mlango. Mama alikuwa amechuchumaa jikoni, mzima kabisa, anageuza kambale juu ya uchaga.

Mwenyekiti alinusa, akanusa tena.

"Mama, homa yako inanuka kambale."

"Shikamoo, mwenyekiti," mama akasema, macho chini.

"Marahaba. Kesho utalima sehemu mbili."

Watu walipoondoka nikajua nachapwa. Mama akanivuta, akavigeuza viganja vyangu, akaiona michubuko.

"Ulidhani naungua?"

Akanimegea kambale mnono kuliko wote.

"Umefanya vizuri," akasema. "Ila siku nyingine, mwanangu, unuse kwanza."